Moshi wa Baba Bondeni Chiwata

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Nimesimama mbele yenu kwa miguu yangu miwili, na hilo peke yake linatosha kuwa ushuhuda.

Mimi ni fundi wa pampu za maji. Kazi hii nilijifunza mwenyewe, kwa vitabu vya kuazima, nayo ilinipeleka Songea nikakaa miaka mingi. Ndugu zangu, mtu anaweza kushiba na bado akawa na njaa ya kwao! Nilitamani harufu ya mabibo yaliyoanguka chini ya mikorosho. Nilitamani kumsikia baba akikohoa uani kule Chiwata kabla jua halijatoka.

Ikatokea ndege ndogo inapeleka pampu hospitali ya huku kwetu, nami nikapewa kiti ili nikaifunge. Nikampigia baba simu: asubuhi nitapita juu ya mikorosho yako.

Kiwanja cha ndege cha huku ni cha majani. Kitambaa cha kuonyesha upepo kilichanika, hakikuwekwa kingine. Kwa hiyo wanakijiji walikuwa na desturi yao: ndege ikisikika, wanawasha majani mabichi ukingoni, rubani asome moshi unalalia wapi. Asubuhi ile umande ulikuwa mwingi, moto wao ukagoma. Lakini bondeni moshi mweupe ulikuwa tayari. Mimi niliutazama dirishani, machozi yakanitoka, nikijua nimefika kwetu. Rubani naye akausoma huo huo. Hakujua kwamba bondeni upepo hushuka kutoka mlimani, na kiwanjani ulikuwa unavuma kinyume.

Tukatua upepo ukitusukuma mgongoni. Ndege haikusimama! Ilimaliza kiwanja, ikavamia matuta ya mihogo, ikalala ubavu. Rubani alivunjika mkono, akatoka. Mimi pampu ilinibana miguu, mkanda ukakataa kufunguka, mafuta yanadondoka. Na ule moto wa ukingoni, uliogoma, sasa ukashika!

Nililia, "Yesu, nifikishe nyumbani!"

Bwana alijibu kwa mikono ya akina mama waliokuwa wakichimba mihogo. Wengine waliufukia moto kwa majembe. Mmoja akakata mkanda kwa kisu cha kumenyea. "Mzito huyu!" akasema akinivuta. "Huko alikotoka wanamlisha mawe?"

Mchana baba alifika hospitali. Akasimama mlangoni, hakuingia.

"Shikamoo, baba."

Hakuitikia. "Baba Neema," akasema, akiniita kwa jina la binti yangu, "ule moshi wa bondeni ni wangu. Niliuwasha ili uone nyumbani ni wapi. Nimesikia ndio uliowaangusha."

Niliona nampoteza mbele ya macho yangu. Nikamweleza taratibu, moja baada ya jingine: kitambaa, umande, mlima, upepo. Moshi wake peke yake usingetuangusha.

Kisha akauliza, "Lakini uliuona?"

"Niliuona, baba."

"Marahaba," akasema, akaingia, akaketi kitandani kwangu.

Baba sasa amelala katika Bwana. Kila msimu wa kusafisha mikorosho, moshi ukiinuka bondeni, bado namtafuta. Ashukuriwe Mungu aliyenipa kuisikia ile marahaba!

Ndugu yangu uliyekaa mbali na Baba wa mbinguni, usiseme umechelewa. Yeye hajaacha kukungoja. Mwamini, mwamkie leo, ataitikia.