Vifuko Mia Mbili na Arobaini vya Alwyn Dransfield

Alwyn Dransfield anastaafu tarehe 30 Juni 2006, baada ya miaka arobaini na moja katika karakana yetu ya mifano hapa Launceston. Aliingia akiwa seremala kijana, akapanda hadi kuwa fundi mkuu, na anatoka akiwa mtunza stoo. Fundi wa aina yake hakustahili kuishia stoo.

Alijenga mifano ya mabwawa, madaraja na majukwaa ya viwanja vya kriketi, ili tuijaribu kabla ya vitu vyenyewe kujengwa. Kila mhandisi mpya alimpokea kwa utani uleule: "Haya msomi, sisimizi akikua akawa kama ng'ombe, miguu itambeba?" Aliyesema ndiyo aliwanunulia wote pai za kombe wa baharini. Mimi nilinunua.

Jibu ni hapana, na sababu ni hii. Ukilipunguza paa mara ishirini kila upande, nguvu ya nguzo zake hupungua mara mia nne, lakini uzito wake hupungua mara elfu nane. Paa dogo hujibeba kwa raha ambayo kubwa halina. Ndiyo maana Alwyn aliuning'inizia kila mfano vifuko vya vipande vya chuma, akivihesabu kimoja kimoja, ili ulemewe kama litakavyolemewa jengo lenyewe.

Mwaka 1983 tulijaribu mfano wa paa la zege la ukumbi wa mnada wa sufu. Vifuko vilikuwa 240. Alhamisi walikuja wageni na mpiga picha, nami nikavifungua kwa sababu vilichusha macho. Ijumaa Alwyn alikuwa kwenye harusi ya binti yake. Nilikuwa na haraka, nikajiambia mfano una uzito wake tayari, nikaujaribu hivyohivyo. Haukupata hata ufa. Nikavirudisha vifuko, nikaandika kwenye ripoti kwamba vyote vilikuwepo.

Siku mafundi walipoondoa mihimili ya kushikilia zege, paa la ukumbi wenyewe lilianguka likamuua seremala Clem Burbury.

Kwenye uchunguzi Alwyn alisimama akasema, "Vifuko nilihesabu mimi. Nitakuwa nimekosea." Nilikuwa nimekaa viti viwili kutoka kwake, nikanyamaza. Akashushwa cheo. Tangu hapo kila asubuhi alivihesabu upya vifuko vilivyo stoo, midomo ikicheza, hata wiki ambazo hatukuwa na mfano wowote. Nami nilipanda vyeo.

Jumanne iliyopita nilimweleza. Mkurugenzi nimemwambia pia, na mjane wa Clem nimempelekea barua. Alwyn aliweka kikombe chini. "Miaka ishirini na mitatu, Marijke. Na chai tunakunywa pamoja kila siku, mwenzangu." Akachukua koti lake akaondoka. Leo ametuma ujumbe kwamba hatakuja kwenye hafla hii ya kumuaga, na hakuna anayeweza kumlaumu.

Namwomba mshereheshaji ayasome haya kwa sauti, ingawa kiti cha mgeni rasmi kiko wazi. Tunakushukuru, Alwyn, kwa kila ulichokijenga na kwa wote uliowafundisha. Tunakuombea siku za utulivu wewe na mkeo Enid, na usingizi ambao niliwaibia.

Vifuko vilikuwa mia mbili na arobaini. Ulihesabu sawa. Hukumuua Clem.

Marijke Oosting, Mhandisi Mkuu