Maisha ya Mwalimu Nembah Ginting, na Mguu Tuliochelewa Kuuosha

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, ndugu na majirani, kwa niaba ya familia tunawasomea maisha ya baba yetu, Mwalimu Nembah Ginting, pamoja na mambo machache ambayo mkaza mwana wake, Ngena beru Sembiring, yaani binti wa ukoo wa Sembiring, ameomba yasifichwe.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1943 hapa kijijini Batukarang, akiwa mtoto wa nne wa mkulima wa kabichi, akasoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia 1950 hadi 1956, kisha akasomea ualimu mjini Kabanjahe na kuhitimu mwaka 1962. Alifundisha darasa la kwanza kwa miaka arobaini na mmoja, na wengi mlioketi hapa ndiye aliyewashika mkono mkaandika herufi ya kwanza, ndiye pia aliyewakagua kucha kila Jumatatu.

Tarehe 12 Julai 1969 alifunga ndoa na Bujur beru Tarigan, wakajaliwa watoto wawili, Rakut na Malemta. Mwaka 2007 mama alipooza, na kwa miaka tisa, hadi Bwana alipomwita, Mwalimu alimwogesha mwenyewe kila asubuhi kwa maji ya vuguvugu, akamgeuza, akampaka mafuta mgongoni. Wenzake wa duka la kahawa walipomtania, "Mwalimu, siku hizi umekuwa mkunga?" aliwajibu, "Hii ndiyo ibada yangu ya asubuhi, nyinyi yenu ni sataranji." Watoto wa shule ya Jumapili aliwafundisha kwamba mwili uliochakaa bado ni wa Mungu, na anayeuosha anamhudumia Kristo.

Baada ya hapo alibaki nyumbani na Ngena, aliyeolewa na Rakut mwaka 2004, kwa kuwa Rakut huendesha lori mkoa wa mbali wa Riau na huja mara mbili kwa mwaka. Mnaijua desturi yetu, baba mkwe na mke wa mwanawe hawasemezani wala hawagusani, wakiwa na neno hukiambia kitu kilicho karibu, na wawili hao waliishi hivyo kwa heshima na utani mwingi. Tarehe 20 Aprili mwaka huu Ngena, akiwa anamenya viazi, alisikia harufu, akaliambia birika, akimtaja mkwewe kwa jina la heshima la baba mkwe, "Wewe birika, mwambie Bengkila mguu wake unanuka hadi jikoni," naye akauambia mlango, "Mlango, mwambie huyo mama apunguze pua, hiyo ni harufu ya mabuti ya mvua." Ngena akacheka, akaendelea kumenya, na kicheko hicho kinamuuma mpaka leo.

Kisukari kilikuwa kinamla kisigino bila mwenyewe kusikia maumivu. Alipoanza kuchechemea, Ngena alimpigia mumewe simu, akajibiwa, "Usimguse, watu watasemaje, ngoja nije," na sisi wengine katika familia tukaona ni jibu la adabu. Tarehe 25 Mei Ngena hakungoja tena, alileta beseni, akapiga magoti, akaivua soksi iliyokuwa imegandia kidonda, na Mwalimu akajifunika uso kwa shuka, kisha kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa akamsemesha, "Mwanangu, nilimwosha Bujur miaka yote ile nikadhani nimeshajifunza, kumbe kuoshwa ndiko kugumu."

Alilazwa hospitalini Medan, mguu ukakatwa tarehe 3 Juni, lakini sumu ilikuwa imeshasambaa, akafariki tarehe 28 Julai 2023, akiwa na umri wa miaka themanini, miezi mitatu na siku kumi na tisa. Daktari alituambia kwa upole kwamba kama angeletwa wiki tano mapema huenda mguu ungepona.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, na walimu wenzake waliokesha nasi. Tumesikia pia wanaonong'ona kwamba Ngena alivunja mwiko, na mbele ya jeneza hili familia inasema kwamba alitenda vyema, na Rakut, anayesimama hapa kando yake, anakiri kwamba aliyemchelewesha ni yeye.

Pumzika, Mwalimu. Mwili tuliokabidhiwa na Mungu tunaurudisha kwake ukiwa umepungua, na upungufu huo ni wetu.