Prosesa Moto, Kahawa Baridi

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliowekwa juu ya mawe, ukaegemezwa kwenye ukuta wa duka la Gitari, fundi wa kompyuta, pale Majengo mjini Meru, hatua chache kutoka msikitini. Alasiri hiyo ya Julai baridi ilikuwa ya kukata masikio. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka mnara wa msikiti hauonekani, na kila mtu ameshika kikombe cha kahawa kwa mikono miwili. Mwenye birika alikuwa Mwanamisi, ambaye humimina kwanza akauliza baadaye. Upande wa kulia alikaa Mithika, mwalimu mstaafu aitwaye Ticha, ambaye hajawahi kukubali kwamba kuna jambo asilolijua. Upande wa kushoto alikaa Idrisi mchinjaji, jina la mtaani Mapafu, kwa ajili ya nyama anayouza na kwa ajili ya kikohozi chake: viwili vifupi, kisha kimoja kirefu chenye mluzi mwishoni. Majengo nzima inakijua kikohozi hicho hata ikiwa imefumba macho. Gitari mwenyewe alisimama mlangoni na bisibisi mkononi, akiitazama kompyuta aliyoiunda kana kwamba ni ng'ombe aliyekataa kula.

— Imezima tena? Ticha aliuliza.

— Imezima. Palepale.

— Pale pa "alizikwa"?

— Palepale, mwalimu. Usinifanye nirudie.

Ndani ya duka, juu ya kigoda, alikaa Rahema. Diski iliyokuwa ikichezwa kwenye kompyuta hiyo, yenye sauti iliyorekodiwa, ilikuwa ya marehemu baba yake, Mzee Salimu, aliyekuwa na nafasi yake kwenye benchi hilohilo mpaka alipofariki kabla ya Ramadhani. Miaka kumi na minne iliyopita kaka yake Rahema, Abdulatif, alitoka na gari la miraa kutoka Laare, na hakurudi. Mzee alikwenda kumtafuta, akarudi na neno moja tu: amezikwa. Wapi, hakusema. Mkewe alimuuliza miaka yote hiyo, na sasa mama huyo amelala kitandani, hali chakula vizuri, anataka kujua tu ni wapi Fatiha yake ielekezwe kabla naye hajaitwa. Ndipo Rahema akakuta diski kwenye sanduku la baba yake, na juu yake mzee ameandika kwa kalamu: Rahema asikilize.

Diski ilikuwa ya zamani, ya waya mpana, haikuingia kwenye kompyuta yoyote ya mjini. Gitari akaamua kuunda moja ya kuitosha. Alitafuta bodi kuukuu yenye tundu la waya huo, akaweka prosesa, akapaka dawa nyeupe ya kupitisha joto, na juu yake, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akafunga kipoozeo kipya kabisa kutoka kwenye boksi, chuma chake na feni yake. Alijivunia siku mbili. Siku ya tatu, diski ilipowekwa, mashine ikaanza kuzima.

— Mimi nawaambia ni joto, Gitari alisema. Prosesa ikichemka inajizima yenyewe isiungue.

— Joto gani Meru hii, na Julai? Mwanamisi akacheka. Mimi kahawa yangu inapoa kabla ya kufika mdomoni.

— Hapo ndipo mnakosea, alisema Ticha, akijiweka sawa. Baridi ya nje inasukuma joto liingie ndani. Ni kama watu, kukiwa na baridi si tunaingia nyumba? Hata joto linaingia nyumba. Na hiyo bodi si kwa Kiingereza inaitwa mama? Wahenga walisema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Hiyo prosesa haijafunzwa.

— Mwathani, Mungu wangu! Gitari alisema. Wewe ulifundisha watoto wa watu miaka thelathini?

— Thelathini na miwili.

— Basi weka barafu, Mwanamisi alisema. Ama maji.

— Maji yakimwagika hayazoleki, Ticha akamjibu, na kwa mara ya kwanza mwaka huo methali yake ikaelekea kufaa.

Walicheka, lakini kicheko hakikwenda mbali. Gitari alikuwa na jambo ambalo hakutaka kulisema tangu juzi. Akalisema.

— Juzi niliiwasha nikaiacha nusu saa. Haikuzima. Nikacheza kisomo cha Kurani, saa nzima, haikuzima. Nikaweka sauti ya Mzee Salimu, imefika "alizikwa", ikazima. Nimejaribu mara saba. Mara saba, neno moja.

Mwanamisi alivuta leso yake mabegani.

— Hiyo si joto, alisema polepole. Kuna neno halitaki kutoka. Bibi yangu alikuwa akisema, maneno mengine yana mwenyewe. Mwenyewe amekaa juu yake kama kuku juu ya mayai.

— Sasa unaniambia prosesa imekaliwa?

— Si ndiyo inachemka? Kitu kikikaliwa si kinapata joto?

Ticha alisogea inchi moja mbali na mlango.

— Mimi nilisema toka mwanzo, Idrisi alidakia, na sauti yake ilikuwa kali kuliko ilivyohitajika. Wafu waachwe. Mzee amepumzika. Hiyo mashine ivunje, Gitari, diski irudi sandukuni, mambo kwisha.

— Mapafu, wewe hata hujaisikia, Ticha alisema. Kila tukiiweka unakumbuka wateja.

— Nyama haijiuzi.

— Mficha maradhi, kifo humuumbua. Hiyo kompyuta ina ugonjwa inaficha.

Idrisi alikohoa, viwili vifupi na kimoja kirefu, akapangusa mdomo kwa skafu. Gitari alimwona akiigeuzia mashine mgongo, akadhani ni baridi.

— Na si uruke tu hapo mbele? Ticha aliuliza. Usogeze mpaka mwisho.

— Hapana, Rahema alisema kutoka ndani, na ilikuwa mara yake ya kwanza kusema mchana huo. Mzazi hakatizwi. Ameanza na salamu, atasikizwa toka salamu. Hata akichukua siku nzima.

Hapo hakuna aliyebisha. Hata Gitari, ambaye angeweza kusogeza sauti kwa kidole kimoja siku ya kwanza na kumaliza kazi, hakuwahi kuthubutu. Kwao Embu pia mzee akinena, unangoja amalize.

Ndipo akatokea ukunguni msichana amekumbatia begi la laptopu. Alisema anaitwa Kagure, anasoma chuo huko Nchiru, na kibodi yake imeingia chai. Mwanamisi alishamimina kikombe kabla hajamaliza kusema. Benchi lilibaki na nafasi ndogo tu, kwa kuwa ile ya Mzee Salimu haikaliwi. Akakaa mwishoni kabisa, upande wa Idrisi, magoti yakaziba njia. Ticha akamweleza habari yote, na ya kwake akaiongeza.

Kagure aliichungulia ile mashine iliyofunuliwa ubavu.

— Pole fundi, sitaki kuonekana najua. Hiyo kipoozeo ni mpya?

— Mpya kabisa.

— Ulibandua ile plastiki ya chini?

Gitari alihisi masikio yakiwaka, baridi yote ile. Miaka kumi na tisa alikuwa amefungua na kufunga vipoozeo vikuukuu, ambavyo plastiki yake ilibanduliwa na mtu mwingine zamani. Hakujua kwamba huwa ipo. Alilegeza skrubu nne, akakigeuza chuma, na hapo palikuwa na karatasi ya plastiki nyembamba kama ganda la kitunguu, imepakwa dawa nyeupe juu kwa ustadi mkubwa.

— Ticha, alisema, ukisema neno moja nakufukuza kwenye ukuta wangu.

Ticha alikunywa kahawa kwa adabu.

Alibandua, akapangusa, akapaka upya, akafunga, akawasha. Feni ilizunguka polepole, mlio wake ukakaribia kunyamaza kabisa. Gitari aligusa chuma. Kilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Sasa alielewa: sauti ile ya mfumo wa zamani iliichosha prosesa kuliko kisomo, ikaichemsha kwa muda uleule kila mara.

— Kumbe ni hivyo tu, Mwanamisi alisema, na alionekana kama aliyeibiwa jini wake.

Rahema alisogeza kigoda. Idrisi alisimama.

— Nimeacha bucha wazi.

— Kaa, Mapafu! Ticha alimvuta koti. Leo umechelewa, msichana amekuzibia. Kahawa hujamaliza.

Idrisi akakaa. Akashika kikombe kwa mikono miwili, akakileta mdomoni, akakiacha hapohapo.

Sauti ya Mzee Salimu ikatoka kwenye spika. Salamu. Dua. Majina ya watoto wote, mmoja mmoja. Gitari alikuwa akiyajua maneno hayo kwa moyo sasa, na bado nywele za shingo zilimsimama, maana mzee aliongea kwa utulivu uleule aliokuwa nao kwenye ubao huu, nafasi ya tatu kutoka mlangoni, ambayo hakuna aliyeikalia tangu afe.

"Rahema mwanangu, kaka yako alizikwa..."

Gitari alishika chuma. Baridi. Feni ilikuwa ikizunguka. Haikuzima.

Kisha mtu akakohoa. Viwili vifupi, na kimoja kirefu chenye mluzi mwishoni.

Wote walimgeukia Idrisi. Mdomo wake ulikuwa umefungwa juu ya ukingo wa kikombe, na kahawa haikutikisika. Alikuwa hajakohoa. Kikohozi kilikuwa kimetoka kwenye spika.

"Siwezi," sauti ya mzee ikaendelea. "Tulimzika sisi wawili, na ulimi wangu umekataa. Nikifa, mwambie wewe."

Ikaisha. Skrini ilibaki inawaka, mashine imepoa, hakuna kilichozima.

Kagure, ambaye hakujua mtu wala kikohozi cha mtu, aliwatazama mmoja baada ya mwingine.

— Alikuwa anamwambia nani?

Mwanamisi alikuwa ameinamisha birika juu ya kikombe kilichojaa, na kahawa ilimwagika kwenye udongo mpaka tone la mwisho bila yeye kuona. Ticha alitafuta methali, na Gitari aliona uso wake ukizunguka miaka thelathini na miwili bila kuipata. Idrisi alikuwa ameibana skafu mdomoni kwa mikono yote miwili. Mishipa ya shingo ilimtoka, macho yakajaa maji. Alijizuia mpaka Gitari akaanza kumwonea huruma. Kisha kikamshinda: viwili vifupi, na kimoja kirefu.

Rahema alitoka dukani, akasimama mbele yake. Hakupandisha sauti.

— Mama yuko macho saa hizi, Mzee Idrisi. Twende umwambie.

Idrisi alitazama nafasi ya tatu kutoka mlangoni. Akaweka kikombe chini, bado kimejaa, akainuka.