Wanatafutwa Watoto Wazima

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkurugenzi wa hospitali hii, madaktari, wauguzi, na ninyi mnaoshinda maabara mpaka habari za jua mnazisikia kwa wengine, wazazi wenzangu, mama mkwe wangu uliyeketi safu ya tatu na mkoba mapajani, na wewe Daktari wetu, ambaye leo unastaafu na umelazimishwa kukaa kwenye kiti chenye kitambaa cheupe na kusifiwa bila nafasi ya kujitetea: hamjambo?

Nimeombwa nizungumze kwa niaba ya wazazi wa kliniki ya ini ya watoto. Mimi ni fundi cherehani, kusema mbele za watu si kazi yangu, na tumbo hili mnaloliona limeingia mwezi wa nane, kwa hiyo mkiniona nimeshikilia meza msidhani ni woga peke yake. Mshereheshaji amenionya nisirefushe. Nimemwambia anayejua saa ya kumsimamisha mwenye mimba aje amsimamishe.

Kwa wageni msioijua kliniki yetu, nianze na maradhi yenyewe, kama nilivyofundishwa. Ini hutengeneza nyongo, na nyongo hushuka kwenye utumbo kwa kupitia mirija midogo. Wapo watoto wanaozaliwa wazuri, wananyonya, wanalia kwa nguvu, lakini mirija ile inaharibika na kuziba. Nyongo inakosa pa kupita, inabaki ndani ya ini na kulichoma polepole. Macho yanakuwa ya manjano, mkojo unakuwa kama chai ya rangi, na choo ndicho kinachopoteza rangi kabisa, kinakuwa cheupe kama udongo wa kupaka ukutani. Ndiyo maana sisi wazazi tulimpa Daktari jina ambalo leo, Mheshimiwa, utanisamehe kulitaja mbele yako: Daktari Nepi. Mzazi hajakaa, hajaitikia salamu, Daktari ameshanyoosha mkono. "Nepi iko wapi? Usiniambie umeitupa!" Tulinuna, tulicheka, na kwenye basi tulikaa viti vya nyuma na mifuko yetu, lakini tulizibeba.

Binti yangu wa kwanza tulimwita Chiriku, kwa sababu hata kabla ya kujua neno moja alikuwa na mengi ya kusema. Manjano yalimwanza wiki ya pili. Kila aliyekuja kumwona alitoa ushauri uleule: mwoteshe jua. Jirani alisema hivyo, fundi viatu wa mtaani alisema hivyo, na sikuwaona wajinga, maana manjano ya watoto wengi wachanga huisha yenyewe na wao walikuwa wameyaona yakiisha. Basi nikamwotesha jua asubuhi, nikamwotesha jua jioni. Tulipofika kwa Daktari, mtoto alikuwa na miezi minne. Upasuaji wa kuunganisha utumbo na ini unataka uwahiwe wiki za mwanzo, kabla ini halijakakamaa. Wetu ulichelewa. Chiriku aliishi mpaka akaanza kutembea kwa kushikilia kitanda, kisha akatutoka. Nalisema kwa kifupi kwa sababu nikilisema kwa kirefu sitafika mwisho.

Wageni waalikwa, mtoto akifa kwa homa watu huuliza alitibiwa wapi. Mtoto akifa kwa ini, watu huuliza kwao kukoje. Marehemu baba yangu, Mungu amrehemu, alipenda chupa, na mtaa mzima ulijua. Basi nyumbani kwangu kesi iliisha kabla haijasikilizwa. "Ini ni pombe," alisema mama mkwe. "Babu amekunywa, mjukuu amelipa." Nikamuuliza: mama, mtoto wa wiki mbili amekunywa baa gani? Naona mnacheka. Mimi nami nilicheka, kisha nikaenda uani kuosha masufuria yaliyokuwa tayari safi.

Mama, usiiname. Jana tulikubaliana kwamba nitalisema hili, na wewe mwenyewe uliniambia niliseme lote, nisikate pindo.

Siku moja, Chiriku akiwa bado hai, alitusindikiza kliniki. Hakuja kumsikiliza Daktari, alikuja kuchukua ushahidi. Akaketi kwenye kile kiti cha plastiki kilichopasuka mgongo, akauliza moja kwa moja: "Daktari, wewe umesoma. Huu ugonjwa umetoka kwa nani?"

Daktari hakukasirika. Alimweleza, kama mtu anavyomweleza mwenzake wa rika. Alisema wapo watafiti wanaofuatilia virusi, kwamba huenda mtoto huambukizwa kabla au punde baada ya kuzaliwa. Wapo wanaofuatilia sumu, kwa sababu katika nchi fulani, wakati wa ukame, kondoo wenye mimba walikula mmea wasiouzoea, na wana wao wakazaliwa mirija ya nyongo imeharibika vivyo hivyo. Wapo wanaochunguza vinasaba. Na wapo wanaodhani kinga ya mtoto mwenyewe, ikishachokozwa na kitu fulani, hugeuka na kuipiga mirija yake. Huenda ni zaidi ya kimoja. Akaongeza kwamba kuna mapacha wa kufanana, waliotoka tumbo moja siku moja, na mmoja anaumwa ilhali mwenzake ni mzima.

Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho. "Sasa katika hayo yote, ni lipi?"

"Mama, hatujui."

Alisimama! Mkoba ukaanguka. "Miaka yote ya shule, na koti jeupe, hujui?"

"Kama nisingesoma," Daktari akamwambia, "ningekuwa na jibu. Ningekutajia mtu."

Leo mmesikia Daktari akisifiwa kwa wodi aliyoifungua, kwa wanafunzi aliowafundisha, kwa mikutano aliyohutubia ng'ambo. Sifa hizo ni zake, na mimi sina ninachozipunguzia. Lakini niwaulize ninyi mliosoma: ni wangapi kati yenu mmewahi kumtazama mama aliyekata tamaa, anayewasihi mumpe jibu lolote, hata la uongo, mkamnyima? Siku ile mtu mwenye cheo alikataa kunitwisha mzigo ambao kila mtu alikuwa tayari kunitwisha. Nilirudi nyumbani nikiwa na mtoto mgonjwa vilevile. Lakini nililala.

Msidhani mama mkwe alisalimu amri. Ziara iliyofuata Daktari alitueleza jambo jipya walilolisoma: kwamba watoto wengi wa namna hii, damu yao ikipimwa siku ya kwanza au ya pili ya maisha, tayari ina dalili, yaani uharibifu unaelekea kuanza kabla ya kuzaliwa. Katika maelezo yote hayo mama mkwe alidaka neno moja. "Tumboni! Si nilisema? Na tumbo ni la nani?"

Daktari akamuuliza: "Mama, mvua ikianza kunyesha juu ya paa lako, wewe ndiye uliyeileta?"

Tulipofika nyumbani mama mkwe alichukua beseni la nguo za Chiriku, akakaa kwenye kigoda akazifua mwenyewe, moja moja, na aliponiona nakuja kumpokea akanifukuza kwa mkono wenye povu.

Baada ya mazishi mimi sikuweza kukanyaga hapa. Yeye ndiye aliyerudi. Alikuja kila mwezi, kama mtu anayefuatilia kesi ya shamba, anabisha mlango wa Daktari na kuuliza: "Mmefikia wapi?" Na mwezi mmoja Daktari akamwambia ukweli mwingine: "Vipande vya maini ya watoto wagonjwa tunavyo. Damu yao tunayo, wazazi wao walitupa hata siku walipokuwa wanalia. Tunachokosa ni watoto wazima."

Aliponisimulia, mimi nililielewa haraka, kwa kazi yangu. Mteja akikuletea suruali inayombana, hujui fundi wa kwanza alikosea wapi mpaka uilaze juu ya ile inayomkaa vizuri. Lakini nani atakupa mtoto wake mzima? "Mwanangu hana kitu, ninyi mnamtafutia nini?" Ndivyo wanavyosema, na siwalaumu. Basi sisi wenye wagonjwa tulitoa tulichokuwa nacho, na watafiti wakakaa na nusu ya swali mkononi.

Mama mkwe anauza nguo za mitumba za watoto wachanga. Kila mwenye mimba wa mtaa wetu hupita kwenye meza yake. Tangu siku ile hakuna aliyenunua soksi akaondoka salama. "Soksi hizo, na fulana hiyo, haya. Na damu ya kitovu? Mtoto akishakatwa kitovu inamwagwa tu, haimuumi mtu. Wape hospitali." Wengine walimkimbia wakanunua kwa jirani. Wengine walikubali ili awaachie chenji yao. Wauguzi wa wodi ya wazazi wako hapa, waulizeni ni wangapi walioingia leba wakisema, "Mimi nimetumwa na yule bibi wa soksi."

Kisha nikashika mimba.

Daktari alinieleza kwa upole kwamba maradhi haya kwa kawaida hayarudi katika nyumba ileile, kwamba ni nadra sana. Nilimshukuru. Ila, Daktari, sikukwambia siku ile, nakwambia leo: hata Chiriku alikuwa nadra. Neno hilo haliwezi kunituliza tena, maana lilishanipata.

Muuguzi wa utafiti alipokuja kuniomba damu ya kitovu cha huyu, na ruhusa ya kumpima siku ya kwanza, mnadhani nani alisimama mlangoni? Mganga hajigangi. "Huyu hapana," alisema bibi wa soksi. "Mchukueni yeyote mtaani, huyu mwacheni." Nami nilishukuru moyoni kwamba amelisema yeye. Kumpima ni kuuliza, na mimi sikutaka kuuliza. Nilitaka kukaa na mtoto wangu siku chache tu bila mtu kumtazama macho. Baba watoto, kama kawaida yake, akasema mtakavyoamua wenyewe, akaenda kukaza skrubu ya mlango ambao haukuwa na tatizo.

Juma lililopita mama mkwe alifunga meza yake adhuhuri. Nilidhani anaumwa. Aliingia chumbani ninaposhonea, akakaa juu ya marobota ya vitambaa, akasema, "Kuna binti leo nilikuwa namshawishi. Ameniuliza: bibi, na mjukuu wako anayekuja, mmeshamwandikisha?"

"Ukamjibu nini?"

"Nilimpunguzia bei ili anyamaze."

Tulicheka mpaka cherehani ikasimama. Kisha kicheko kikamwisha usoni, akanitazama. Miaka yote ameniita "mke wa mwanangu". "Mwanangu," akasema, "mimi naogopa."

Nikamwambia: mama, na mimi pia. Tukakaa pale, wanawake wawili na robota la kitenge, tukiogopa pamoja, na nawaapia, kuogopa na mwenzio ni kwepesi kuliko kuwa na wa kumlaumu.

Daktari, unaondoka bila jibu. Najua linakuuma, nimeuona uso wako kila waliposema leo "mafanikio". Ulitafuta ukiwa na nywele nyeusi na sasa unakabidhi ukiwa na mvi. Nami sitakudanganya kwamba si kitu, kwa sababu hukunidanganya. Ni kitu. Kuna watoto wanaowahiwa sasa kwa sababu yako, na hata hivyo bado wazazi wataingia kesho na kuuliza kwa nini, na mtu itabidi awaambie hatujui na awe na moyo wa kubaki nao chumbani baada ya kulisema. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mtafute mtu huyo upesi. Kiti hiki kisikae kitupu kikisubiri barua ya uteuzi, na yale majokofu ya maabara yenye damu na vipande vile yasizimwe hata kwa siku moja, maana humo kuna watoto wetu, na wa kwangu yumo.

Jana mimi na mama mkwe tulikwenda pamoja kumwandikisha huyu. Muuguzi wa utafiti alifungua kompyuta yake akauliza kwa mazoea: "Nimweke kundi gani, wazima au wagonjwa?" Kisha akajishika mdomo, machozi yakamtoka, maskini, hakukusudia. Nikamwambia usilie, acha wazi kwanza. Akizaliwa mzima, awasaidie kama mzima. Akizaliwa na yale manjano, safari hii hatutaotesha jua, tutamleta wiki hiyohiyo akatibiwe, na awasaidie kama mgonjwa. Hatujui atakuwa upande gani. Lakini yumo.

Nawashukuru nyote kwa kunipa masikio yenu.