Pipa Nililolitia Alama ya Cyril Bloor

Keith, zima hiyo televisheni, na wewe Hilary vuta kiti uje upande huu ambao sikio langu bado linasikia, maana pumzi niliyobakiwa nayo inatosha kulisema jambo hili mara moja tu, na saa tisa Maureen Bloor atafika hapa. Ndiyo, nimemwita mimi. Nilimwomba muuguzi ampigie simu asubuhi mlipokuwa mmelala. Nina neno la kumwambia usoni juu ya marehemu baba yake, na nataka mlisikie ninyi kwanza, wanangu, ili nikishindwa mbele yake mlimalizie.

Nyumba hii ni yenu wote wawili, nusu kwa nusu, hati anayo wakili, na sitaki kusikia huko niendako kwamba mmegombania kabati. Saa ya babu yenu ni ya Hilary. Sanduku la vifaa vyangu msiligawane, nitalifikia.

Tangu mnanyonya nimewajaza vichwa kwa jina hili letu. Niliwaambia kwamba zamani mtu wa Uingereza alikuwa na jina moja tu, na kijiji kikiwa na kina John wanne ilibidi watofautishwe kwa kazi zao, basi yule aliyetengeneza mapipa na ndoo za mbao akaitwa Cooper, na watoto wake wakalirithi hata wale waliokuwa washona viatu. Hilo ni kweli. Na kwa kuwa hapakuwa na kijiji kisichohitaji pipa la bia, la siagi na la nyama ya chumvi, kina Cooper walizuka kila pembe bila kuwa ndugu, wakavuka bahari, ndiyo maana kitabu cha simu cha hapa Burton kilikuwa na kurasa zetu tele, na Hilary ulipokwenda Melbourne ukamkuta Cooper daktari wa meno na Cooper dereva wa teksi, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kushika randa. Nilicheka sana uliponiandikia hayo. Nilikujibu kwamba hao wamebeba jina tu, sisi tunalo jina na kazi yake, babu yangu, baba yangu na mimi, wote katika karakana ile ile ya kiwanda cha bia. Nililisema hilo kila nilipoinua glasi, mpaka mama yenu akawa ananikanyaga mguu chini ya meza.

Cyril Bloor, baba yake Maureen, hakuwa na jina la maana mbele ya msimamizi. Baba yake alichimba makaa ya mawe. Lakini katika karakana nzima, mafundi arobaini, hapakuwa na jicho kama lake, na ninyi mnajua kazi ile haikuwa na kipimo, ubao ulichongwa kwa jicho na ukakubali au ukakataa. Meza yake ya kazi ilikuwa jirani na yangu. Siku nilipohitimu walinitumbukiza ndani ya pipa nililolitengeneza mwenyewe, wakanimwagia masizi, maranda na bia iliyochacha, wakanibingirisha karakana nzima mara tatu kama ilivyo desturi yetu, na aliyenitoa ni Cyril. Alinifuta macho kwa leso yake akasema, "Haya Len, leo na wewe ni fundi, siyo Cooper wa kwenye karatasi tu." Watu wakacheka. Mimi nilichukia, nikaficha.

Ilikuwa mwaka wa sitini na moja, Jumamosi, timu yetu inacheza nyumbani na nilikuwa nimebakiza pipa moja. Nilishafunga pete zote za chuma ndipo nikaona ubao mmoja una ile sehemu ya nje ya mwaloni, nyeupe na laini, ambayo bia huipenya taratibu kama jasho. Mwanafunzi wa mwezi wa kwanza anajua kuutupa ubao wa namna hiyo. Kulifumua pipa ilikuwa kuanza upya na kuukosa mpira. Nilipaswa kulifumua. Sasa, kila fundi alikata alama yake juu ya kifuniko, ili pipa likirudi ijulikane ni mkono wa nani, na alama yangu ilikuwa ya baba na ya babu, nikaona siwezi kuwatia aibu wazee wangu kwa takataka ile. Cyril alikuwa uani anakula mkate wake. Nikakata alama yake, mikato miwili na msalaba. Niseme nilifanya bila kufikiri? Huo utakuwa uongo mwingine. Nilifikiri vizuri sana.

Lilipelekwa klabu ya watu wa reli siku ya sherehe yao, wakakuta sehemu kubwa ya bia imenywewa na sakafu. Msimamizi wetu, Bwana Titterton, akalibingirisha hadi katikati ya karakana mbele ya watu wote. Cyril akaliinamia, akapitisha kidole ndani ya mdomo wa pipa, akasema, "Alama ni yangu, kazi si yangu. Tazama randa ilivyopita, bwana, huyu ni mtu anayebonyeza kushoto." Hakunitaja, ingawa alijua ndivyo nibonyezavyo mimi. Alinitazama tu, akasema, "Mwambie, Len."

Nami nikasema, "Alama inajieleza."

Titterton akacheka. "Bloor, unataka nikaseme kwa wakubwa kwamba Cooper hajui kutengeneza pipa? Familia hiyo ilipewa jina kwa kazi hii kabla babu zako hawajajua kuvaa viatu." Basi, ikaishia hapo, Cyril akafukuzwa. Jina lilinitetea, nami nikaliacha linitetee.

Fundi aliyefukuzwa kwa pipa linalovuja hakupokelewa na karakana nyingine yoyote ya mji huu. Cyril akaenda kupakua shayiri kwa koleo, vumbi likamwingia kifuani, na nilikuwa nikimsikia akikohoa upande wa pili wa barabara. Mama yenu alimhurumia, kila Krismasi alipeleka keki kwao, akarudi na kunikatia kipande cha keki iliyobaki, nami nikala. Mama yenu alikufa hajui. Miaka thelathini na minane nililala kitanda kimoja na mwanamke mwema nikamwacha ahurumie jambo nililolitenda mimi. Naona haya, wanangu. Naona haya kuliko ninavyoogopa kufa.

Nipe maji, Hilary. Kidogo tu.

Keith, usinikatize. Najua umeagiza jiwe la kaburi lenye picha ya pipa na maneno kwamba Cooper kwa jina, Cooper kwa kazi. Futa agizo hilo. Andika Leonard na miaka yangu, basi. Pale makumbusho kuna ubao wa maelezo juu ya familia yetu, nenda ukawaambie waushushe, uwaambie na sababu. Na siku ya kunizika, kabla ya wimbo wa mwisho, simama uyaseme haya yote kanisani, na jina la Cyril ulitaje wazi. Watu watanong'ona. Waache. Sanduku la vifaa ni la Maureen akilitaka, na akilikataa msimbembeleze. Hilary, uliolewa ukakataa jina la mumeo ubaki na langu, kwa ajili ya hadithi zangu. Usilitupe. Jina halina kosa, wako maelfu wanaolibeba kwa heshima, aliyelichafua ni baba yako.

Mungu awatunze wote wawili. Awape kusema kweli mapema, mkiwa bado mna miguu ya kusimama nayo.

Hiyo kengele. Ni yeye. Keith, kafungue. Hilary, niinue, weka mto mgongoni, sitaki anikute nimelala.

Karibu, Maureen. Kaa hapo. Hapana, usinipe pole, mama, na mkono wangu usiushike kwanza... Haya, umeshaushika. Sikiliza basi. Lile pipa, la watu wa reli... baba yako hakulitengeneza. Nililitengeneza mimi. Alama yake niliikata mimi, kwa mkono huu. Alisema kweli siku ile... mbele ya watu wote... akaniomba niseme, nami...

Umeuachia mkono wangu. Ni haki yako.

Hilary. Hilary, macho yangu yanaingia giza. Ameondoka... au bado ameketi?