Marlis Brodbeck, Aliyepiga Marufuku Neno "Safi"

Tarehe 31 Machi, baada ya miaka thelathini na mitatu katika kitengo chetu cha mapaa ya kijani ya jiji, Marlis Brodbeck anastaafu. Anaondoka siku moja kabla ya msimu wa kuhesabu nyuki kuanza, na tunaomjua tunaelewa jinsi tarehe hiyo inavyomuuma.

Alipoajiriwa, mapaa ya jiji letu la Basel yalikuwa lami na kokoto tupu. Leo mapaa mia mbili na kumi yana maua na majani: ya shule, ya maghala, hata ya karakana ya tramu. Udongo wa mwanzo aliupandisha mwenyewe kwa ngazi, kabla magoti hayajamgomea. Mkazi mmoja aliwahi kulalamika kwamba paa la shule linaonekana kama mtu asiyenyoa ndevu. Marlis alimjibu kwa barua rasmi: "Mume wangu naye hanyoi, na bado naishi naye."

Kwetu sisi, kazi nzuri husifiwa kwa neno moja: safi. Juu ya mapaa yake neno hilo lilikuwa marufuku. Majani yakifyekwa Septemba yalilala palepale siku tatu, ili wadudu watoke na mbegu zidondoke. "Ukiwashwa na mikono kufagia, nenda kafagie kwa mama yako," alituambia.

Sasa nifike pale ninapopaogopa. Juu ya ghala la zamani la mizigo kulikuwa na tuta la mchanga, alioupandisha kwa ndoo kutoka kwenye reli za zamani kabla hazijajengewa nyumba. Ndani yake waliishi nyuki wadogo weusi, wasiotengeneza asali, wanaochimba mashimo ardhini. Hawakuwa wamebaki kwingine kokote mjini. Septemba moja, miaka tisa na nusu iliyopita, mfanyakazi mpya alifyeka paa hilo, akaliona tuta, akadhani ni uchafu wa mafundi. Alilizoa lote kwenye magunia na kufagia hadi kokoto zikang'aa. Kesho yake, kwenye chai ya saa tatu, aliingia akijisifu: "Paa la ghala? Safi kabisa, bosi!"

Marlis aliacha mkate wake mezani. Jalalani alikuta magunia yamekwisha kumwagwa na kusagwa pamoja na vifusi. Alipiga magoti akachambua kwa mikono hadi walinzi walipofunga lango. Nyuki wote wa mwaka uliofuata walikuwa ndani ya mchanga ule.

Mfanyakazi huyo ni mimi, Ueli Gysin. Taarifa iliyokwenda kwa wakubwa ilisema mkuu wa kitengo, yaani Marlis, hakutoa maelekezo. Ni uongo, alinielekeza mara mbili. Aliisaini yeye mwenyewe ili kunikinga, na cheo alichokuwa akikisubiri kikampita. Nilikwenda kumwomba radhi. "Usiniombe mimi, Ueli," alisema. "Mimi sikuwa ndani ya gunia."

Aliweka mchanga mpya mahali palepale, na kila Aprili amekaa kando yake na daftari. Kurasa tisa, sifuri tisa. Wataalamu wanasema nyuki hao hawatarudi, na yeye hajawahi kunidanganya kwamba watarudi. Wiki iliyopita alinikabidhi daftari na ufunguo wa ngazi. Kwenye ukurasa wa kumi ameandika mwaka, akaandika jina langu, akaacha nafasi wazi.

Marlis, kitengo kizima kinakushukuru kwa kila paa lililochanua. Mimi nina deni la shukrani nisilojua kulisema. Tunakuombea siku njema, magoti yasiyouma, na bustani ambayo mume wako hataruhusiwa kuifagia. Tarehe mosi Aprili, jua likishaupasha mchanga, nitakuwa juu ya ghala na daftari lako. Ufagio nitauacha chini.