Mama Evelina na Mashindano ya Opera

Baada ya miaka thelathini na moja kazini, Bi. Mariana Ndaki, ambaye sote tunamwita Mama Evelina, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025. Aliingia redioni kwetu hapa Shinyanga kama mtunza maktaba ya muziki. Anatoka akiwa mtangazaji ambaye hata wachimbaji wa dhahabu wa Nyarugusu humpigia simu kumpa shikamoo.

Sifa yake ilianzia kwenye maboksi. Padri mmoja aliyekuwa akirejea kwao alituachia santuri za opera, yaani michezo inayoimbwa mwanzo hadi mwisho, mingine saa nne na zaidi, kwa lugha tusizozijua. Sisi tulitaka kuzitupa. Mama Evelina akagundua kwamba mchezo mmoja ulirekodiwa mara mbili na waimbaji tofauti, na Usukuma ukampanda: wakiwapo wawili, lazima washindane.

Akafanya kama kwenye ngoma zetu za Kisukuma, ambako makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja yakigombea watazamaji. Uani kwetu kituoni, spika moja huku, nyingine kule, zote zikaimba kwa pamoja, na watu wafuate inayowavuta. Tulipata kelele tupu, na rekodi yenye sauti kubwa ilishinda kila mara. Alicheka nusura adondoke, kisha akabadili utaratibu. Kwanza anasimulia kisa chote, halafu anapiga kipande kilekile, rekodi moja baada ya nyingine, nasi tunahamia upande wa tuliyemkubali. Kuhama bila kutoa sababu ni marufuku. Hivyo ndivyo tulivyojifunza kusikia pumzi ya mwimbaji, na kujua kwamba anayeimba taratibu hajachoka. Mimi niliyekuwa nikisinzia, sasa nina mwimbaji wangu, na ole wako umguse!

Mashindano hayo yakawa kipindi cha Jumapili. Mwaka huu mkurugenzi wetu, Bwana Marcel, alitangaza kwamba Mama akiondoka kipindi kitafungwa, muda wake upewe matangazo ya biashara. Iliniuma sana. Mama akamwomba mkurugenzi kitu kimoja tu: aje uani asikilize nasi kipindi cha mwisho.

Alikuja na simu mkononi. Kilipigwa kipande cha mama anayeagana na mwanawe anayekwenda vitani. Mwimbaji wa kwanza alilia kwa sauti ya kutikisa mabati, wa pili akaimba chini kabisa. Mama Evelina alikwenda kwa wa kwanza, nasi kama kawaida yetu tukamfuata. Bwana Marcel akatia simu mfukoni, akavuka ua peke yake hadi upande wa pili. Sababu yake ilikuwa kwamba mama wa kweli hapigi kelele mbele ya mtoto anayeondoka, anajikaza. Walibishana mpaka chai ikapoa, na ni yeye aliyedai kipande kirudiwe. Jumatatu asubuhi aliagiza kipindi kiendelee, na akajipangia mwenyewe kukiongoza Jumapili ya kwanza.

Mama Evelina, asante kwa masikio uliyotupa. Nenda Kolandoto ukapumzike na wajukuu, kwa afya njema na furaha tele. Jumapili fungulia redio. Mkurugenzi akikosea, tunajua utapiga simu, na tutakupeleka hewani moja kwa moja.